Kijineno Kimoja Katika Barua ya Babu

Mwezi uliopita walituletea ofisini zulia jipya la kufutia miguu mlangoni, lile la usumba wa nazi, na mvua ya kwanza ilipolilowesha wenzangu wote wakaziba pua. Mimi nikainama nikalinusa. Nichekeni tu. Makumbi ya nazi yakilowa hurudisha uvundo wa lile tope yalimoozea, na uvundo huo kwangu mimi ni Shangazi Mwanakheri mzima mzima, ameingia mlangoni na kanga yake kiunoni.

Shangazi alimfuata Baba mkubwa kwa kuzaliwa, na baba yangu akawa kitinda mimba wao. Aliishi Mwera kwa Babu, ng'ambo ya mto, sisi tukikaa Pangani mjini. Alikuwa ameachika zamani, akarudi kwa baba yake na begi moja, na tangu siku hiyo mikono yake haikupumzika. Alifua nazi, akayafukia makumbi kwenye dimbwi la tope nyuma ya nyumba, akayaacha miezi yaoze, kisha akayafukua na kuyatwanga mpaka yakawa nyuzi za kusokotea kamba. Babu alipopooza upande mmoja, akaongezewa kazi ya kumgeuza, kumwogesha na kumlisha. Miaka minane! Baba mkubwa alikuwa Chumbageni, kule Tanga mjini, akija Idi hadi Idi na mikate miwili ya boflo kwapani.

Nyumba ile na minazi yake haikuwa mali ya Babu hasa. Alifanya kazi kwenye shamba la mkonge tangu ujana wake, na alipostaafu mwenye shamba alimpa barua ya kumruhusu akae pale. Ilikuwa ya Kiingereza, imepigwa chapa, na Shangazi aliitunza ndani ya kopo la biskuti. Hakuna aliyejua sawasawa imeandikwa nini. Babu mwenyewe alikuwa akisema tu, "Atakayeitunza minazi ndiye atakayekaa," na maneno hayo tuliyasikia sote, nadhani hata kuku wa pale waliyasikia.

Babu alipofariki nilikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, na kwa Kiingereza nilikuwa sishikiki. Niseme kweli, nilikuwa mtoto wa kimbelembele. Shule ya msingi mwalimu alituchapa vidoleni kwa jambo moja: sisi Waswahili mtu ni "yeye", awe Juma awe Asha, lakini Waingereza hawataki mchezo huo. Mwanamume ni "he", mwanamke ni "she", na ukichanganya unakula fimbo. Nilikula fimbo tatu, sikuchanganya tena.

Siku ya arobaini tulisoma khitma kule Mwera. Watu walipokwisha kula pilau na majirani kutawanyika, Baba mkubwa akasema, "Haya, na tulimalize hili la nyumba. Barua ipo, na msomi wetu yupo."

Nikaitwa kutoka uani, vidole bado vina mafuta. Nikanawa mbio mbio. Wanaume walikuwa wameketi mkekani, wajomba na mabinamu, Maalim wa madrasa katikati yao. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia, na Shangazi alikuwa karibu nalo kabisa, maana niliuona upindo wa kanga yake chini. Moyo ulinienda mbio kwa raha. Watu wazima wote wale, na wananisubiri mimi!

Nikaisoma kwa Kiingereza kwanza, kwa sauti, ingawa hakuna aliyeniomba. Kisha nikaifasiri: "Mtoto wa mfanyakazi huyu atakayebaki hapa na kuitunza minazi, ataendelea kukaa maisha yake yote."

Nyuma ya pazia mtu akashusha pumzi. Jambo lilikuwa limekwisha, wallahi. Laiti ningeikunja ile barua nikarudi kwenye sinia langu, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Baba mkubwa akakohoa. "Mtoto yupi? Wa kiume au wa kike?"

Hilo swali, jamani, nililipokea kama zawadi. Ndilo nililochapiwa vidole. "Wa kiume," nikajibu. "Imeandikwa 'he'. 'He' ni mwanamume."

"Una hakika, mwanangu?" Maalim akauliza.

"Nina hakika, Maalim."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, ndogo, ya mtu asiyetaka kusumbua. "Mwanaidi mwanangu, hebu tazama tena."

Nikatazama tena. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari. "Ni 'he', Shangazi. Ziko nne." Nilisema nne kwa furaha kabisa, kama nimemletea habari njema.

Baba alikuwa anachezea uzi wa mkeka. Baba mkubwa akasema basi, nyumba ni yake yeye mwanamume mkubwa, minazi ataitafutia wa kuitunza, sisi tufanye nini, ndivyo alivyoandika mwenye shamba, na Maalim akainua mikono. "Al-Fatiha."

Kwetu sisi, jambo likisomewa Fatiha limefungwa. Posa ikisomewa, mpaka wa shamba ukisomewa, hakuna tena kurudi nyuma, na anayerudi huonekana amemfanyia mzaha Mwenyezi Mungu mbele ya watu. Mikono yote iliinuka, na yangu ikiwemo. Nyuma ya pazia wanawake wakaitikia Amin, na katikati yao niliitambua sauti ya Shangazi.

Wiki mbili hazijaisha nikachelewa shuleni. Sheria za shule zilikuwa zimebandikwa ukutani kwa Kiingereza: mwanafunzi akichelewa, "he" ataadhibiwa. Madam, mwalimu wetu wa Kiingereza, aliponipa ufagio, kimbelembele changu kikanipanda. Nikamwambia sheria ile ni ya wavulana, mimi msichana hainihusu. Darasa zima likacheka, na yeye akacheka, halafu akatufundisha. Akasema Waingereza, hasa wa zamani, wakitaja mtu ambaye hawajui kama ni mwanamume au mwanamke walizoea kuandika "he", wakimaanisha yeyote. Siku hizi wengi wameanza kuiacha desturi hiyo kwa sababu inawafunika wanawake. Mkikutana nayo, akasema, tazameni kwanza inamtaja nani.

Ufagio ulinitoka mkononi. Barua ya Babu ilimtaja "child", mtoto. Mtoto wa kiume angeitwa "son", neno nililolijua tangu darasa la nne, na halikuwemo. Nilikuwa nimeinakili barua ile daftarini ili nijidai kwa wenzangu, kwa hiyo nikamletea Madam. Akasoma, akasema, "Huyu ni mtoto yeyote atakayebaki hapo. Mbona unalia?"

Jioni nilimkuta Baba uani anatengeneza baiskeli ya mteja. Nikamweleza yote. Aliendelea kuzungusha gurudumu.

"Fatiha imeshasomwa," akasema.

"Lakini nimekosea mimi, Baba! Shangazi hana kosa!"

"Nikamwambie nini kaka yangu? Tuifumue Fatiha kwa sababu mtoto kakumbuka somo?" Hakunitazama. Aliupaka mnyororo mafuta, na ulikuwa umeshapakwa.

Jumamosi nikavuka kivuko kwenda Mwera. Shangazi alikuwa dimbwini, tope magotini, anafukua makumbi. Nilimwamkia shikamoo nikaanza kulia kabla hajaitikia. Akanisikiliza huku ameshika fumba la makumbi yanayochuruzika maji meusi.

"Kwa hiyo kumbe maneno yale yananihusu mimi?" akauliza.

"Yanakuhusu, Shangazi."

"Na mimi niliitikia Amin, Mwanaidi. Uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi."

Nikamwambia nitakwenda Chumbageni mwenyewe kwa Baba mkubwa. Akatikisa kichwa. "Atasema mimi ndiye niliyekutuma. Nitaondoka bila nyumba, na jina baya juu. Nisaidie kubeba haya." Tukabeba makumbi mimi na yeye, na hakunigombeza hata kidogo. Laiti angenigombeza!

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kilichofanyika mkekani siku ile. Wanaume wote mle ndani walimsikia Babu kwa masikio yao. Wote walijua nani alimgeuza na kumwogesha. Kusema "Mwanakheri ndiye aliyebaki" hakukuhitaji Kiingereza cha mtu, na baba yangu angeweza kusema hivyo wakati wowote, uzi wa mkeka mkononi. Baba mkubwa aliniuliza mimi kwa sababu alijua jibu analolitaka, na likitoka kinywani mwa mtoto wa kike tena msomi, hakuna mwanamume ambaye angelazimika kulitazama lile pazia. Nimejaribu kujifariji kwa hilo. Halinifariji, kwa sababu mdomo ulikuwa wangu na niliufungua kwa raha zangu.

Shangazi alihama kabla ya Ramadhani, aje akae kwetu kwenye chumba cha nyuma, mjini kusikokuwa na tope la kufukia chochote. Nilikwenda kumsaidia. Vitu vyake havikujaza hata mkokoteni. Vilipokwisha kutoka, akaniambia nimsomee ile barua mara ya mwisho, vile alivyosema Madam. Nikafungua daftari, nikasoma polepole: mtoto atakayebaki hapa na kuitunza minazi, ataendelea kukaa maisha yake yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Aliandika vizuri yule bwana," akasema. Kisha akafunga mlango, akausukuma kuhakikisha umeshika, akanipa ufunguo nimpelekee Baba mkubwa.

Nikaupeleka.