Damu kwenye kibodi baada ya maombi

Marafiki, leo nimefuta damu ya mtu kwenye kibodi.

Hapa ofisi yetu ya maziwa Kapseret, sistimu ya kupimia maziwa iligoma asubuhi. Hakuna mkulima angepimiwa. Mitungi imepangwa hadi kwa geti, na jua limeshaanza kuwaka.

Koech, mkubwa wetu wa mapokezi ya maziwa, akamshika Wafula wa kompyuta kwa kola.

"Umeharibu tena! Maziwa ya watu yakichacha, utakunywa wewe?"

Kabla Wafula hajajibu, ngumi. Ya pili ikampasua mdomo.

Nikapiga kelele, "Mzee Koech, kwa jina la Yesu!"

Ya tatu ikamwangusha juu ya meza, damu ikadondokea kibodi.

Wafula akainuka. Akafungua ule ukurasa wake unaoonyesha kila kompyuta inafanya nini ndani ya sistimu. Mstari mmoja ulikuwa mwekundu. Kompyuta moja ilifungua rekodi ya mkulima na haijaifunga, na zingine zote zinaingoja.

Ilikuwa ya Koech. Tulipoitwa maombi ya asubuhi, aliacha kazi katikati.

Wafula akatema damu. "Mzee, niikate, ama utanipiga tena?"

Akaikata ile kompyuta kwa sistimu, zingine zikaendelea, tukaanza kupima. Koech hakusema hata pole.

Kesho ni zamu yake kuongoza maombi. Wewe ungeitikia amina?