Uso wa Wageni

Nyumbani kwa Mwalimu mstaafu kulikuwa na uso wa wageni. Hodi ikipigwa, hata kama ndani watu walikuwa wakilia, walifuta machozi, wakanyoosha mgongo, wakatabasamu. Mumewe alipofariki, Mwalimu aliwapokea waombolezaji kwa uso huo huo. Mjukuu aliyekuwa akimlea, Kidoti, aliujua kabla ya kujua kusoma. Figo za mtoto ziliposhindwa kazi, akawa mtu wa kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu, majirani waliambiwa ana malaria sugu.

Shangazi yake, fundi cherehani, alipimwa na figo yake ikafaa. Bima ya familia ikakubali kulipia upasuaji wa mtoto. Wa shangazi ikaukataa.

"Yeye si mgonjwa, mama," afisa wa bima alisema huku akichokoa meno. "Bima ni ya wagonjwa."

"Na hiyo figo itoke wapi? Sokoni?" Mwalimu akauliza.

Afisa akacheka, akakitazama alichokitoa kwenye jino. "Ila tuna mfuko wa hisani. Tunampiga mtoto picha ya mabango ya kuchangisha, na gharama za shangazi tunazibeba sisi."

Kinyaa kilimpanda Mwalimu. Yeye ambaye hakuwahi kuomba hata chumvi kwa jirani, leo damu ya marehemu mumewe ibandikwe ukutani! Lakini mishipa ya mkono wa Kidoti, ile ya kuunganishwa na mashine, ilikuwa imeanza kuziba, na daktari alishasema wasingoje. Akakubali.

Siku ya picha alimvisha gauni lililonyooka kwa pasi na viatu vyeupe. Mpiga picha akataka viatu vivuliwe.

"Mjukuu wangu ana viatu," Mwalimu alisema.

"Haya bibi, abaki navyo. Lakini mbona anacheka? Nani atamwonea huruma? Mtoto, nuna kidogo!"

Kidoti akazidisha tabasamu, meno yote nje. "Bibi, nafanya vizuri?"

Afisa akatazama saa. "Ikishindikana tutajaribu mwezi ujao."

Mwalimu akainama sikioni kwa mtoto. Maneno yalimtoka kama matapishi.

"Weka uso wa nyumbani, mjukuu wangu."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Tabasamu likaanguka. Ukabaki uso wa jioni za kutoka mashineni: kope zimevimba, midomo imekauka, mtoto amechoka kumshinda bibi yake.

"Hapo hapo! Safi sana!" Afisa akapiga makofi, kama yuko harusini.

Shangazi na mtoto walipasuliwa, wakapona. Kidoti akarudi kukojoa kama watoto wengine, na bibi yake akalitangaza hilo sebuleni bila haya.

Bango lilipotundikwa kituo cha mabasi, majirani walikuja na nyuso za pole. Mwalimu aliwafungulia mlango, mgongo umenyooka, bila tabasamu.

"Mmeliona? Ingieni, niwaambie uchafu wa bima ulio nyuma yake."