Viatu vya Bonareri

Yule kijana wa picha alipanga vitu vya harusi ya mjukuu wangu Emmah kitandani: gauni, viatu vipya, marashi, maua.

"Shosho, pete iko wapi?"

"Sisi Wasabato hatuvai pete. Piga picha hivi viatu vya mama yake Emmah."

"Zimezeeka, zitaharibu picha."

"Na sura yako je?"

Marehemu Bonareri, binti yangu, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kendu Bay. Siku ya harusi yake tulitembea pekupeku, yeye amebeba hivyo viatu mkononi visishike matope, anacheka njia yote. Alivivaa mlangoni mwa kanisa.

Emmah, aliyekuwa mlangoni akitusikia, akaingia, akasukuma viatu vyake vipya chini ya kitanda, akaweka vya mama yake juu ya gauni. Kijana akapiga picha. Angethubutu kukataa!