Malkia Aliyeliwa na Mzee Cornel

Mzee Cornel wa Kilosa alikuwa na kiti. Mguu mmoja ulifungwa kwa mpira wa tairi, lakini aliyekikalia pale kijiweni karibu na stesheni ndiye aliyeamua ugomvi wa watu, na ndiye aliyeamkiwa kwanza. Alikipata kwa kuwafunga watu drafti. Alivyokuwa akibamiza kete ubaoni, kuku wa kijiji cha mbali cha Kisanga walidhani radi inapiga, wakakimbilia bandani.

Siku moja akaja Tumwagile, fundi cherehani wa Chanzuru, na ubao wa sataranji kwenye mfuko wa vitambaa.

"Shikamoo, mzee."

Cornel akakoroga chai, akaonja, akakoroga tena. Kuchelewesha marahaba ndiyo ilikuwa mbinu yake. Mpinzani huishiwa nguvu kwa kusimama.

"Marahaba. Hivyo vinyago unamuuzia nani?"

"Si vya kuuza. Ni mchezo. Ukimbana mfalme akakosa pa kwenda, umeshinda."

Akamwonyesha kila kete inavyotembea. Cornel aliitikia kama mtu anayesikia tangazo la msiba wa mbali.

"Ubao ni uleule wa drafti," akasema. "Ukinifunga kabla chai hii haijapoa, beba kiti."

Wakaanza. Cornel akamtoa askofu wake, askofu akamkodolea macho farasi wa Tumwagile, na nyuma ya farasi alikuwepo malkia wake. Tumwagile akamrusha farasi katikati ya ubao. Malkia akabaki wazi kama banda lisilo na mlango.

"Mzee, usimle," akanong'ona Nassir wa bodaboda. "Kuna kitu hapo."

Cornel akamtazama kwa huruma. Kwenye drafti, kete ikikaa mdomoni lazima uile. Ukiiacha, unanyang'anywa yako. Tangu apate akili hakuwahi kuacha.

"Sheria ni sheria," akasema. Akamla malkia, akaagiza na andazi.

Askofu wa Tumwagile akaingia, akambana mfalme. Mfalme akasogea mbele, maana hapakuwa na pengine. Farasi wa pili akaruka, akatua.

"Kafungwa, mzee. Pole."

Cornel akatafuta pa kumpeleka mfalme: kulia, kushoto, hata chini ya ubao. Chai bado ilikuwa ya moto: nzi aliyepita juu ya kikombe alitoka ameiva.

"Lakini ilibidi nimle malkia."

"Nani alikulazimisha, baba?"

Watu wa kijiwe, walioapa jana kwamba Cornel hafungiki, sasa wakakumbuka kuwa walimtilia shaka siku nyingi. Wakasaidia kukifunga kiti kwenye bodaboda ya Nassir.

Siku hizi ugomvi wa kijiweni unapelekwa Chanzuru, kando ya cherehani, kilipo kiti. Cornel naye huenda kila jioni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akadai mchezo. Ila sasa hali kete yoyote. Juzi kete ya askari ya Tumwagile ilisimama mbele ya mfalme wa Cornel bila mlinzi, mzee akakataa kuigusa, akafungwa.

"Siingizwi mtegoni mara mbili," akasema, huku ameushika mguu wa kile kiti.