Nilivyoshuka Mlima wa Theluji kwa Makalio, Kamera Mkononi

Jamani, hili nilikuwa nimeapa halitatoka mdomoni mwangu, lakini kwa kuwa nusu ya mji wetu wa Thornhill huku ughaibuni wameshaiona video (na nusu nyingine wametumiwa na dada yangu aliyeko Dar, Mungu anamwona), bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkasikie kwa watu yakiwa yameshatiwa chumvi. Ingawa sijui chumvi wataitia wapi, maana aibu yenyewe ilishakolea.

Mwenzenu ni mpiga picha wa harusi. Tena si wa kubahatisha! Ukumbi uwe na giza namna gani, mimi bibi harusi namtoa anang'aa, na kina mama wa kituo chetu cha jumuiya wananiita Fundi Rukia. Sasa hilo jina la fundi ndilo lililoniponza.

Kaka yangu Murtaza ana binti, Sakina, ana miaka kumi na sita, kazaliwa hukuhuku, mtoto mpole mpaka ukimsalimia unaogopa utamshtua, lakini mfunge ubao wa theluji miguuni ndiyo utamjua. Anashuka mlima kama anafukuzwa, anafika kwenye tuta, anapaa, anajizungusha hewani, anatua, anaendelea na safari zake. Msimu ulipokaribia kwisha wakawa na shindano la mwisho, na kituo nacho kilikuwa kinaandaa hafla ya kuwapongeza vijana wetu, kila kijana awekewe picha kubwa ukutani. Kwenye kundi letu la kina mama la simu mtu akauliza, Sakina atapigwa picha na nani? Hata hajamaliza kuuliza nikajibu: "Niachieni mimi. Mtaona mpaka chembe za theluji zikiruka miguuni mwake." (Nani alinituma nitaje chembe?)

Nina rafiki, Mkenya, anaitwa Wanjiru, yeye kazi yake ni kupiga picha za michezo. Akanipigia.

"Rukia, hebu skiza. Chukua lenzi yangu ndefu, juu pale mlimani watakuweka mbali sana. Shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, iende mbio, sekunde moja kwa elfu ama kasi zaidi, la sivyo utapata ukungu badala ya mtoto. Na theluji huchanganya kamera, inaweza kukutolea picha ya kijivu, kwa hivyo ikikutolea kijivu ongeza mwanga kidogo. Kidogo! Na betri za akiba ziweke ndani ya nguo, baridi huziua."

Nikaenda kwake kuichukua hiyo lenzi. Kuiona tu nikachoka: nene kama bomba la maji machafu, nzito kama mtoto wa mwaka, na halafu (hapa ndipo mniangalie vizuri) haikuingia kwenye mkoba wangu mpya wa ngozi. Nilikuwa nimeununua kwa ajili ya siku kama hizo, na ulikuwa unaendana na viatu. Basi nikamwambia, "Asante dada, nitatumia yangu ya harusi, tumeshazoeana." Wanjiru akanitazama, akasema sawa. Kila kilichofuata kilianzia kwenye ule mkoba.

Siku ya siku Murtaza akatuendesha kuelekea kaskazini, Sakina nyuma kimya na vipokea sauti masikioni, mimi mbele na koti langu refu la kung'aa, hijabu imepigwa pasi, miwani ya jua, na vile viatu, ambavyo soli zake zilikuwa laini kama sahani. Kamera nilikuwa nimeitoa harusini jana yake na sikuigusa, kwa hiyo mipangilio yote ilikuwa ya ukumbini: shata ya polepole, lenzi imefunguka mdomo wote, kila kitu kimepangwa cha kutafuta mwanga gizani. Na mimi nimesimama chini ya jua kali, katikati ya theluji inayorudisha jua lote machoni! Kwenye maneno yote ya Wanjiru nikakumbuka mawili tu, "ongeza mwanga," basi nikaongeza. Nikapiga ya majaribio, nikaangalia kwenye kioo cha kamera huku miwani iko usoni, nikaona picha safi kabisa. Wallahi nilijipongeza.

Kila mshindani alikuwa anashuka mara mbili, inahesabiwa ile bora. Mara ya kwanza ya Sakina nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, na hapo ndipo nilipoanza kulielewa lile bomba la Wanjiru. Mtoto alionekana kama punje ya pilipili manga kwenye sahani ya wali. Nikavuta mpaka lenzi ikagoma, punje ikabaki punje.

Mtu mwenye akili angekubali yaishe. Mimi nikainama, nikapita chini ya kamba.

"Rukia, unakwenda wapi?" Murtaza akauliza.

"Hapo tu."

Hapo tu penyewe ni ukingo ulio juu ya mahali wanapotua. Nikatafuta pembe nzuri, goti moja chini, kitaalamu, na kule juu nikamwona Sakina anaanza mara yake ya pili, na hata mimi nisiyejua kitu nikajua kwamba leo ana jambo, kwa jinsi watu walivyoanza kupiga kelele. Nikasogea kidogo. Kidogo tu! Kiatu cha kushoto kikaondoka, cha kulia kikakifuata, nikakaa, na koti lile la kung'aa, jamani, likageuka sabuni.

Nilishuka. Sikuanguka, nasisitiza, nilishuka, nimekaa wima kama mgeni rasmi, kamera nimeinyanyua juu ya kichwa kama naokoa mtoto mafurikoni, kidole kimeganda kwenye kitufe, inapiga tu, ka-ka-ka-ka, miwani imeruka kivyake na mkoba unanifuata nyuma. Nikaja kukwama katikati kabisa ya sehemu ya kutua. Bendera nyekundu ikapepea, watu wakapiga filimbi, na Sakina, aliyekuwa ameshakaribia tuta kwa kasi yake yote, ikabidi afunge breki ubavuubavu, theluji ikaruka ukuta mzima, akasimama pale juu mikono kichwani.

Mtangazaji wa kwenye spika akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mabibi na mabwana, tumepata mshindani mpya, tena hana ubao. Mlima mzima ukacheka, simu za wazazi zikiwa zimeshanirekodi tangu juu. Nikamtafuta kaka yangu kwa macho, nikamkuta anaangalia milima mingine.

Wakaninyanyua wanaume wawili, kila mmoja bega lake, wakanirudisha nyuma ya kamba kama mzigo uliopelekwa anwani siyo. Waamuzi wakampa Sakina nafasi ya kurudia. Nikasema angalau hii niipate. Nikabonyeza, kamera kimya, betri imekufa. Ya akiba ilikuwa kwenye mfuko wa nje wa mkoba, baridi kama jiwe. Basi nikasimama hivyohivyo, bila miwani, bila kamera, makalio yamelowa, nikaangalia.

Akaruka. Akajikunja kama anataka kufunga kamba za viatu akiwa hewani, akazunguka, na kwa muda kidogo alikuwa kichwa chini, miguu mawinguni, halafu akatua, ila mkono mmoja ukagusa theluji. Akawa wa nne. Wanaotunukiwa ni watatu.

Tukaingia garini kurudi. Nikaichomeka kamera kwenye chaji ya gari ili angalau nijifariji, nikaanza kuzifungua picha: nyeupe, mwanga umeila yote. Nyeupe. Nyeupe. Nyeupe nyingine. Moja ilikuwa nyeusi, hiyo ni pale lenzi ilipochota theluji. (Hafla yenyewe, niwamalizie kabisa, ukutani ilikaa picha ya Sakina ya shuleni, na sweta.)

Nikageuka nyuma. "Mwanangu, nisamehe. Mkono ule usingegusa kama si mimi kukuchosha."

Akatoa vipokea sauti. Kwa kawaida hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo akajikakamua kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Shangazi, ile ya mwisho… wewe uliona?"

"Niliona."

"Kwa macho? Si kwa kamera?"

"Kwa macho haya. Kamera ilikufa."

"Ilikuwa vipi?"

Basi nikamweleza, alivyojikunja, miguu ilivyokwenda mawinguni, na mimi nilivyosahau kupumua. Akasikiliza mpaka mwisho, na Murtaza naye akapunguza sauti ya redio. Mtoto akacheka, akasema, "Poa. Betri ikufe kila siku."

Nimeapa mbele yenu: kazi yangu ni harusi, ndani, chini ya paa, penye kapeti. Mlimani nitakwenda tena, Wanjiru apige picha, mimi nikae nyuma ya kamba nipige makofi. Na likija koti lolote la kung'aa, hata la zawadi, mpeni dada yangu wa Dar.