Kete Saba za Baba

Kompyuta ya Anko ilikuwa na harufu ya vumbi lililopata moto. Ilikaa kwenye kona ya sebule yao kule Majimbo, mjini Embu, imefunikwa vitambaa vyeupe vya kufumwa kana kwamba ingeshikwa na baridi, na kuvifunua ilikuwa kazi ya binamu yangu Mutugi peke yake. Ikiwashwa ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, nami nilisimama nyuma ya kiti nikiivuta ile harufu kwa pua zote mbili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu Kanyakine umeme ulikuwa haujafika, na likizo ile ya Agosti shangazi yangu, dada yake Baba na mkewe Anko, alikuwa amenichukua nikae kwake. Wiki mbili zilinitosha kujifanya mtoto wa mjini. Nilianza hata kuongelea puani. Nikikumbuka, natamani kujizaba kofi.

Mchezo wenyewe ulionekana wa kitoto. Ubao wa kijani, miraba sitini na minne, kete nyeusi kwa mmoja na nyeupe kwa mwingine. Ukizibana kete za mwenzako katikati ya zako, zinageuka na kuwa zako. Ukikosa pa kubana, zamu inakupita. Ubao ukijaa, mwenye kete nyingi ndiye mshindi. Pembeni mashine iliandika hesabu ya kila mtu, na sisi macho yetu yalikuwa kwenye hesabu hiyo tu. Mimi na Mutugi tulicheza kwa pupa, kila mmoja akitafuta pa kugeuza kete nyingi kwa mpigo mmoja, tukizipigia kelele zikibadilika rangi. Anko naye alirudi kutoka ofisini, akalegeza tai, akatushinda sote wawili kabla chai haijamiminwa. Tulimwona bingwa.

Alhamisi moja Baba akaja. Goti lilikuwa likimsumbua na daktari wa Embu alimtaka abaki mpaka Jumatatu, majibu yatoke. Alifika na mkungu wa ndizi begani, akavua viatu mlangoni kama alivyoambiwa, na kidole gumba cha mguu kikachungulia kwenye tundu la soksi. Mutugi alikiona. Mimi nilimwona Mutugi akikiona. Nilimpenda Baba, na hilo nalisema bila kuulizwa, lakini katika sebule ile nilimwonea haya: soksi yake, mikono yake iliyopasuka, Kiswahili chake cha kupapasa. Siku tatu aliketi nyuma yetu, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, akitazama mchezo. Mara moja tu aliniuliza, kwa Kimeru, kama ni kweli kete iliyokaa kwenye kona haiwezi kugeuzwa na mtu yeyote, na kama ni hivyo, kwa nini tunakimbilia katikati. Nilimjibu kwa Kiswahili, ili Mutugi asikie kwamba mimi sikuwa wa upande huo, "Baba, huu ni mchezo wa kompyuta, si wa kufikiria sana." Akatikisa kichwa polepole, akaendelea kutazama.

Jumapili baada ya kanisa, shangazi alipika pilau, na wenzake Anko wawili wa ofisini wakaja na wake zao. Walipokwisha kula, Anko aliwaonyesha mchezo, akawashinda, kisha akageukia kochi. "Shemeji, kuja nikufundishe kompyuta. Lakini hii haitaki jembe!" Wageni wakacheka. Nilimwomba Mungu Baba akatae. Baba akainuka, akachechemea hadi kwenye kiti, akakishika kipanya kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. Ikawa anachukua dakika nzima kufikisha mshale kwenye mraba anaoutaka, na akishafika anageuza kete moja. Moja tu! Anko anageuza sita, saba, huku akiwaelezea wageni. Nilisimama kando ya meza nikiitazama hesabu ya pembeni na masikio yangu yakiwaka. Ishirini kwa tano. Thelathini na mbili kwa sita. Arobaini na moja kwa saba. Mara mbili Anko alibofya huku na huku, mashine ikamlilia tu, zamu ikarudi kwa Baba. Nilidhani kipanya kimekwama.

"Shemeji, wacha nikusaidie tumalize," Anko akasema. "Hii imeisha."

"Ngoja kidogo," Baba akasema, bila kutoa macho kwenye ubao. "Sasa ndiyo mimi naanza."

Sebule nzima iliangua kicheko. Mke wa mgeni mmoja alifuta machozi. Mutugi aliniangalia akiigiza midomo ya Baba, sasa ndiyo mimi naanza, nami sikuweza kuvumilia tena. Sakafuni karibu na mguu wangu palikuwa na kisanduku cha soketi chenye swichi nyekundu. Niliibonyeza kwa kidole cha mguu. Kioo kikafa.

Nilidhani ninamwokoa. Wangesema umeme umepotea, wangecheka kidogo, wangerudi kwenye soda zao. Lakini taa ya ukutani iliendelea kuwaka, na wote wakamtazama Baba, aliyekuwa bado ameshika kipanya. "Umebonyeza wapi, mzee?" Anko aliuliza, na kicheko kilikuwa kimemtoka. Mutugi akapapasa, akaiona swichi, akaiwasha, akasema labda imeruka yenyewe kwa mashine kushikwa vibaya. Ilipowaka ilionyesha kioo cha buluu chenye maandishi meupe, ikikagua kitu kisichokwisha, kama dakika kumi hivi. Baba aliweka mikono juu ya mapaja. Jasho lilimtiririka shingoni. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Mimi sikujua. Nimeharibu kitu ya watu." Akarudia kwa shangazi, dada yake mdogo, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni wakiwa watoto. Nami nilisimama palepale, kidole cha mguu bado kando ya swichi. Mashine ilipona, lakini mwezi uliofuata Baba alimtumia Anko mbuzi.

Niliuelewa mchezo ule chuoni, miaka saba baadaye, msichana wa chumba changu aliponishinda mara kumi mfululizo akiwa na kete chache kila mara. Akanieleza kwamba mwenye kete nyingi mapema amejifungia mwenyewe, hana pa kwenda, na mwenye chache anachagua njia. Kwamba kona ndiyo kila kitu. Nikauona ubao wa Anko upya: Baba ana kona moja, ya pili iko wazi kwake, na Anko hana pa kuweka hata kete moja. Zamu tatu, nne, na weupe wote ule ungegeuka mweusi mbele ya wale wageni. Muhula huohuo nilisikia kwamba chama cha wakulima wa maziwa kimeletewa kompyuta, na Baba, aliyekuwa katibu wao miaka mingi, amejiuzulu. Alisema apewe kijana.

Siku hizi Kanyakine kuna umeme, na hata mchungaji anasoma Biblia kwenye simu. Baba bado ana mulika mwizi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, na hata hiyo huwapa watoto wa jirani wampigie. Mwezi uliopita binti yangu, wa miaka kumi, alimpelekea simu yangu pale uani, mchezo ukiwa umefunguliwa, ubao uleule wa kijani. "Babu, cheza na mimi." Baba aliutazama ubao kwa muda mrefu, na naapa niliyaona macho yake yakienda kwenye kona, moja baada ya nyingine. Kisha akaficha mikono nyuma. "Hapana, mami. Mimi huharibu hizi vitu. Uliza mama yako, alikuwa hapo."

Binti yangu akanigeukia. "Ni ukweli, mum?"

Nilisema chai iko tayari, nikaingia jikoni. Yule wa Majimbo alikuwa mtoto. Huyu aliyeingia jikoni ana miaka thelathini na saba.