Sensa Niliyoifunga kwa Tyubu

Binti yangu ni muuguzi Kisarawe. Tangu mama yake afariki tunaishi wawili, mtaa wa Picha ya Ndege, na kila asubuhi anaondoka kwa pikipiki kupitia njia ya vumbi. Nilimnunulia filta mpya ya hewa, ile ya koni, nikaifunga mwenyewe bila kumwuliza mtu.

Ujanani nilitengeneza pikipiki za zamani za kabureta, zisizo na vipimo vya umeme. Kwa hiyo nilipong'oa boksi la hewa na kukuta kidude cheusi chenye nyaya mbili kimechomekwa ubavuni, nilikiona urembo tu. Filta mpya haikuwa na tundu lake. Nikafanya tulivyozoea kwa kila kitu kisicho na pa kukaa: nikakata ukanda wa tyubu, nikakifunga kwenye silinda ya injini. Taa ya kuonya hitilafu ya injini haikuwaka. Nikajipongeza.

Wiki haikuisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana?"

"Pikipiki imenizimikia kilimani mara tatu. Ikishapata moto inakohoa kama wewe."

"Petroli ya chupa hiyo."

"Nimejaza kituoni."

"Vituoni nako wanachakachua."

Nilisema hivyo nikitazama sahani, maana nilishaanza kukishuku kile kidude.

"Ikizima tena," akasema, "nitapanga chumba Kisarawe. Wagonjwa hawanisubiri mimi."

Nikaanza kuhesabu siku za kufika Jumamosi.

Jumamosi, siku yake ya kupumzika, niliipeleka pikipiki kwa fundi wa mtaa wa Kwa Mathias. Aliinama, akauona ule ukanda, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mzee, hii ni sensa, kidude cha kupima joto la hewa. Umeikalisha jikoni! Inadhani hewa inayoingia ni ya moto, mafuta yanapunguzwa, injini inakufa njaa."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"La tyubu yako. Afadhali wewe, wengine huikata kabisa."

Alitoboa shingo ya mpira ya filta, akaweka raba ya kuziba, akaichomeka sensa ncha yake ikae ndani hewa inapopita. Nilipanda nayo mwenyewe mpaka Sofu na kurudi, injini ikiwa imechemka. Haikukohoa.

Sikutaka kungoja jioni. Nilimkuta anafua.

"Petroli haikuwa na kosa. Ni mimi niliyeiharibu pikipiki, na nilipohisi hivyo nikanyamaza."

Alikamua shuka taratibu.

"Nimewalaumu wauza petroli wa mji mzima kwa sababu yako, baba."

"Najua. Nisamehe."

"Utapika wewe wiki nzima. Na usiguse pikipiki yangu."

Jumatatu nilikaa na simu mkononi kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Ikaita.

"Nimefika. Kile kilima nimekipanda bila kubembeleza."

"Na chumba?"

"Chumba gani tena? Loweka maharage, nitarudi na njaa."

Nikayaloweka mapema mno, saa mbili asubuhi.